Akina mama, tusisubiri kufika darajani kama Marge Simpson

Mama anayesifiwa na majirani kwa uvumilivu ningemshauri atazame kipindi cha "Homer Alone" cha mwaka 1992, katika katuni ya Marekani iitwayo The Simpsons. Humo Marge, yule mama wa Springfield mwenye nywele ndefu za buluu, anaanza siku kwa kukimbizana na mahitaji ya kila mtu, hadi dereva mmoja anapomchomekea barabarani na mtoto wake mdogo, Maggie, akammwagia maziwa. Hapo anasimamisha gari katikati ya daraja na kukataa kuondoka, huku foleni ikizidi kurefuka. Maziwa yalikuwa kidogo tu. Yaliyomshinda ni yale yaliyotangulia, ambayo hakuna aliyeyahesabu.

Tangu mwaka 1987, Julie Kavner, anayemwigizia sauti, amempa Marge mguno wa kooni ambao mashabiki wanautambua mara moja. Sisi watazamaji huucheka, lakini kwa maoni yangu ule mguno ni ombi la msaada ambalo mumewe Homer na watoto wameshalizoea. Nyumbani kwangu nimeona kwamba neno "nimechoka" nalo huzoeleka vivyo hivyo, ilhali sentensi yenye kazi, mtu na muda ndani yake husikika: "Baba Asha, Jumamosi mchana utapika wewe na kuwaogesha watoto." Semeni mapema, mkiwa bado na utulivu wa kuzungumza bila hasira.

Marge anapokwenda kupumzika Rancho Relaxo, hoteli ya mapumziko, Homer anaachwa na Maggie, na mtoto anatoroka nyumbani bila baba kujua. Ni kichekesho, ila kinaonyesha gharama ya kumwachia mama mmoja maarifa yote ya nyumba. Kwa hiyo waacheni wengine wajifunze mkiwa bado mpo, na wakikosea msirudie kazi yao. Mume wangu alipoanza kusonga ugali, ulikuwa na madonge. Tuliula, naye akaendelea kusonga.

Si lazima kugharimia hoteli, kwani mchana mmoja kwa dada au shoga unatosha kabisa. Simu tu ndiyo izimwe, maana wa nyumbani hawatachelewa kupiga kuuliza chumvi iko wapi.