Ukitaka kusomea uhakiki wa maonyesho, anza kwa kuutazama mlango

Wiki iliyopita binti wa jirani yangu hapa Chikongola, Mtwara, alikuja na simu mkononi. Amefaulu kidato cha sita, na kwenye kozi anazotaka kuomba ameweka sanaa za maonyesho. Baba yake kamuuliza swali moja tu: hiyo kazi yake nini? "Dada, wewe ndiyo uliyosoma. Nimjibu nini?"

Nilimjibu kwa kirefu. Ninayoandika hapa ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine yaliyonijia alipokwisha kuondoka.

Tuanze na jina. Mimi nilisoma shahada ya sanaa za maonyesho Dar es Salaam, na kuanzia mwaka wa pili nikaegemea dramaturjia na uhakiki. Huku kwetu ukisema unasomea tamthilia, watu wanadhani ni ile ya Kituruki ya usiku kwenye televisheni. Kwa hiyo baba yake nilimweleza hivi: mtunzi anaandika mchezo, mwongozaji anaupeleka jukwaani, waigizaji wanaucheza. Mwanadramaturjia anakaa katikati yao. Anausoma mchezo mpaka anaujua mishipa yake, anatafuta historia iliyo nyuma yake, halafu anamuuliza mwongozaji: kwa nini mchezo huu, kwa nini sasa, kwa watu hawa? Mhakiki yeye anakuja usiku wa onyesho, anaangalia, anaandika kilichotokea na kama kilifika. Ni kazi mbili zinazotumia jicho lile lile.

Sasa jicho lenyewe, maana hapo ndipo wengi tunapoumia mwaka wa kwanza. Shuleni tumefundishwa uhakiki wa kujibu mtihani. Dhamira, ujumbe, wahusika, mtindo, tamathali za semi, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Ukitoa hoja sita na mifano kutoka vitabu viwili, alama zako unazo. Siudharau ujuzi huo, ulinifikisha chuo. Lakini unamfundisha mtu kusoma kitabu cha tamthilia kana kwamba hakitakuja kusimama mbele ya watu.

Kazi yangu ya kwanza ya uhakiki ilikuwa juu ya onyesho la wanafunzi wa mwaka wa tatu. Niliandika kurasa nne. Usaliti, nafasi ya mwanamke, migogoro ya kitabaka, vyote nilivitaja. Mwalimu alinirudishia bila alama. Pembeni ya aya ya kwanza alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Mlango ulikuwa upande gani?"

Nilikaa kitandani hosteli nikijaribu kukumbuka. Sikuweza. Siku kadhaa baadaye, nikiwa kwenye foleni ya chakula, picha ikanirudia. Mlango ulikuwa kushoto kwetu, na mama wa kwenye mchezo alikuwa akiingia na kutoka kwa mlango ule muda wote. Mwanawe hakuutumia hata mara moja. Kila mara aliruka dirishani. Mchezo mzima ulikuwa pale, nyumba ambayo mtoto wake haingii kwa mlango, na mimi katika kurasa nne sikuwa nimeandika mlango wala dirisha.

Likizo ile nikapanda Newala kwa bibi. Vijana walikuwa wanatoka jandoni na ngoma ilikuwa inalia. Midimu, ngoma yetu ya vinyago, nimeiona tangu utotoni na sikuwahi kuitazama. Safari hii nilichukua daftari la kurasa 80 ambalo bibi alikuwa akiandikia hesabu za korosho, nikageuza upande wa nyuma, nikaandika. Kabla mchezaji hajatokea, ngoma kubwa ilinyamaza zikabaki ndogo. Watoto wakaanza kurudi nyuma kabla hawajaona kitu. Duara likafunguka upande wa mwembe, ingawa wote tulikuwa tukiangalia njiani. Kinyago kilikuwa kimeinamia kifuani, kwa hiyo tuliona mabega kwanza, uso baadaye. Alipowasogelea watoto walikimbia hatua kumi, wakarudi nane. Mpiga ngoma hakuangalia kinyago kabisa, macho yake yalikuwa kwenye miguu.

Sikuandika neno moja la dhamira. Nilipomsomea mwalimu ukurasa ule tulipofungua chuo, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia sasa naweza kuanza kuuliza kwa nini.

Kwa hiyo, mdogo wangu, huna haja ya kusubiri jumba la maonyesho la Dar. Mtu aliyekulia Mtwara au Lindi amezungukwa na maonyesho tangu anatambaa. Ila kuna ya kuandikwa, na kuna ya kubaki pale pale. Mambo ya ndani ya jando na unyago si ya daftari wala ya simu. Mwendee mzee mwenye ngoma, amkia, mweleze unataka kuandika nini. Akikukatalia, funga daftari ufurahie ngoma kama wengine.

Dramaturjia mimi niliielewa kwa mchezo wa Kinjeketile, alioutunga Ebrahim Hussein, mtu wa huku huku Lindi, ukachapishwa 1969. Tulipewa zoezi: andaa maelezo ya kumsaidia mwongozaji anayetaka kuupeleka mchezo huu mahali unapopajua. Nikachagua kusini. Ikabidi nisome. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 kwenye vilima vya Umatumbi, Kilwa. Kinjeketile Ngwale, mganga aliyewapa watu maji ya dawa ya kuwakinga na risasi, alinyongwa na Wajerumani mwezi uliofuata, na vita vikaendelea bila yeye hadi 1907. Lakini mtunzi mwenyewe anaeleza kwamba Kinjeketile wa mchezo wake si yule wa historia. Basi mwanadramaturjia afanye nini na tarehe zote hizo? Azitumie kuuliza. Kinjeketile anaingia mtoni kisha anatoka, na jukwaani hakuna mto: tutauonaje? Neno "maji" likisemwa Kilwa, mbele ya watu ambao babu zao waliinywa dawa ile, litasemwa polepole au haraka? Nani akae mbele? Nilijaza kurasa 12, na hakuna iliyokuwa na orodha ya hoja.

Lipo kosa langu moja ambalo naliandika ili wewe usilirudie. Baada ya kumaliza chuo nilikwenda kuangalia kikundi cha vijana wakicheza kwenye ukumbi wa shule mjini hapa. Nilichelewa kama dakika ishirini. Usiku ule ule nikaandika maneno makali kwamba mhusika mkuu anacheka ovyo bila sababu. Watu wakasambaza. Asubuhi kiongozi wao akanipigia, sauti ya upole kabisa: "Dada, sababu ya kile kicheko ilikuwa kwenye sehemu ya kwanza ya mchezo." Msichana aliyecheza nafasi ile hakurudi mazoezini mwezi mzima. Nilimwendea nyumbani kwao kuomba radhi, na tangu siku hiyo nikichelewa siandiki.

Hata waliotutangulia yaliwakuta ya waigizaji. Mjerumani Gotthold Ephraim Lessing, ambaye maandishi yake ndiyo yaliyolieneza jina hili la dramaturjia, aliajiriwa 1767 na jumba la maonyesho la Hamburg. Kazi yake ilikuwa kuandika juu ya michezo iliyokuwa ikichezwa pale. Mwanzoni alizungumzia na uigizaji. Waigizaji wakaumia, akaacha, akabaki na michezo yenyewe. Alifikisha makala 104. Mimi naona hasara ilikuwa yetu, kwa sababu leo tunajua zaidi aliwaza nini juu ya michezo ya msiba na ya vichekesho kuliko tunavyojua waigizaji wale walisimamaje. Andika juu ya mwigizaji, lakini andika alichofanya kwa mikono na sauti kabla hujasema kama alifanya vizuri.

Mambo mengine kwa kifupi. Soma tamthilia kwa sauti, ukiwa umesimama. Maelekezo ya jukwaani usiyaruke. Kila muhula omba kazi moja nyuma ya pazia, iwe taa, iwe maleba, yaani mavazi ya waigizaji; mimi muhula mmoja wa kupiga pasi maleba ulinifundisha kuliko mihadhara mingi. Mihadhara yangu mingi ilikuwa kwa Kiingereza, lakini uhakiki niliujaribu kwanza kwa Kiswahili, na pale nilipokosa neno nilijua kwamba na jambo lenyewe bado sijaliona.

Kuhusu kipato, baba yake nilimwambia ukweli. Kazi yenye jina la mhakiki hapa Mtwara sijaiona ikitangazwa. Mimi nafundisha, naandika michezo ya redio, na msimu mwingine natembea vijijini na miradi inayotumia maigizo kuzungumza na wananchi. Fedha inakuja kwa mafungu, kama ya korosho. Alitikisa kichwa, akaniuliza kama fomu ya mkopo inahitaji sahihi yake.

Jumamosi kuna ngoma mtaa wa pili. Binti nimemwambia aje na daftari, afike kabla ngoma hazijawambwa motoni, na asikae mbele.