Shangazi, wananiita mlokole, niache kazi?

Barua hii imetoka kwa binti wa Mwanza, nimeifupisha kidogo tu. "Shikamoo shangazi. Mi ni mtunza stoo kwenye saiti, tunajenga madarasa. Gari la saruji linashusha mifuko 280 karatasi inasema 300, mi ndo natakiwa kusaini, alafu jioni nakuta elfu ishirini imekunjwa chini ya kalkuleta yangu. Nilichukua mara mbili, mama alikuwa anaumwa. Sasa nimegoma, wananiita mlokole, nikiingia wananyamaza. Sili nao tena, michango nimeacha kutoa, nakula stoo peke yangu na redio ya injili. Kaka mmoja wa zege kafiwa na baba yake wiki iliyopita, sijaenda. Dada wa kwaya anasema sisi duniani ni wapitaji, niache kazi. Mdogo wangu yuko kidato cha pili namlipia mimi. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma usiku nikairudia asubuhi, na pale pa kalkuleta nilisimama, maana naijua elfu ishirini inavoonekana ukiwa na mgonjwa ndani. Kugoma kusaini mifuko ambayo haijashuka hujakosea hata kidogo. Ila umechukua vitu viwili ukavifunga fungu moja, kukataa hela na kukataa kula na watu, na hivyo mwanangu ni vitu tofauti kabisa.

Neno la huyo dada lipo kweli, Petro wa kwanza sura ya 2, wapitaji na wasafiri, ila angeendelea kusoma. Petro alikuwa anaandikia watu waliotawanyika Ponto, Galatia, Kapadokia, huko ambako leo ni Uturuki, na kati yao kuna watumishi wenye mabwana wakali, kuna wanawake ambao waume zao hawaamini, na hakuna aliyeambiwa fungasha uondoke. Waliambiwa waishi vizuri hapohapo katikati ya watu mpaka wanaowasema vibaya waone kwa macho yao. Sasa wewe watakuonaje na umejifungia stoo?

Alafu kuna ile barua ya Yeremia kwa waliochukuliwa mateka Babeli, yaani ugenini kwenyewe, akawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee amani mji ule, mji wa watu waliowateka! Babeli yako wewe ni hayo madarasa. Ile mifuko 20 inatolewa kwenye zege na kwenye tofali, fundi anazidisha mchanga, na baada ya muda ukipitisha ukucha ukutani unadondoka unga, na chini ya huo ukuta atakaa mtoto wa mtu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mi naamini mkristo kuwa mgeni duniani ndo huku, kuwajali watoto ambao hata hujui watakuwa wa nani.

Na hilo jina usilionee aibu. Limetoka kwa Waganda, balokole maana yake waliookoka, na ule uamsho wa miaka ya 1930 uliwaka Gahini kule Rwanda na Uganda ukafika mpaka kwetu Kagera na Kenya. Watu waliungama mbele za wenzao wakarudisha vitu walivyoiba, hiyo ndo ilikuwa alama yao. Wakati wa Mau Mau, wale waliopigana na mkoloni Kenya, wengi wao walikataa kula kiapo na wakakataa pia kushika bunduki za mkoloni, wakachukiwa pande zote mbili na wengine wakauawa. Hilo ndo jina unaloitwa.

Kwahiyo ile elfu arobaini irudishe kwa mwenye kampuni, mwambie ulivyoipata, huna yote anza na kumi. Siwezi kukudanganya, anaweza kukufukuza, ila hiyo hela ikibaki kwako hao wenzako wanayo kamba ya kukuvuta siku yoyote wakitaka. Gari likija hesabu mwenyewe, andika 280 kwa kalamu pembeni ya saini yako, piga picha. Ukiona na bosi yumo, TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, namba yao ni 113, na tangu 2015 kuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa. Kazi nyingine anza kuulizia taratibu, ila usiondoke kwa ajili ya kunyamaziwa. Wakikwambia saini uongo au toka, hapo toka mwanangu, na mdogo wako Mungu anamjua.

Mimi nilipookoka nilikataa kwenda hitma kwa jirani yangu mwislamu, nikaona ndo imani. Mwaka huohuo nikashikwa na malaria kali, na aliyeniletea uji asubuhi siku tano mfululizo ni yuleyule mama, anaingia anaweka kikombe anasema pole jirani, basi. Nililia sana ile siku ya pili, na mpaka leo nikikumbuka naumia.

Huyo kaka wa zege, wiki moja siyo nyingi, hujachelewa. Nenda kesho ukitoka kazini, kaa mkekani na wamama, osha vyombo nao, na mchango toa kwenye mshahara wako hata kama ni elfu mbili. Keshokutwa mchana beba sahani yako ukakae pale wanapokaa wenzako.