Jibu: Mpiga picha ajifiche wapi siku ya kumvisha pete?

Habari ndugu. Umeuliza mpiga picha asimame wapi katikati ya umati wa mjini bila mpenzi wako kumshtukia, siku utakapomvisha pete ya uchumba. Kwanza kagueni mwanga: fikeni hapo siku iliyotangulia, saa ileile, kwani majengo marefu hutia kivuli mapema kabla jua halijazama. Nipigapo picha za namna hii hutumia lenzi ya milimita 70 hadi 200, yaani ya kuvuta vya mbali, ambayo huniwezesha kukaa mbali kama mpita njia anayepiga picha za majengo. Kubalianeni ishara, kwa mfano kuvua kofia, kisha upige goti huku wewe na mpenzi wako mkiwa ubavu kwa kamera, maana wengi huipa mgongo na pete haionekani kabisa. Kasi ya shata, yaani kifuniko cha ndani ya kamera kinachofunguka kuingiza mwanga, isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, kwa sababu mikono hutetemeka na picha ikatoka na ukungu. Penye walinzi, ombeni kibali mapema.