Kupima umbali kati ya migawanyo miwili ya ndiyo na hapana: maneno kwa wanaoanza kazi ya takwimu

Wengi mnaoingia kwenye vitengo vya takwimu mtakutana na kazi hii mapema. Mnapewa faili mbili za kaya, moja ya mzunguko huu na nyingine ya mzunguko uliopita, safu zimejaa 1 na 0. Kaya ina umeme? Redio? Simu ya mkononi? Jokofu? Baiskeli? Halafu mkuu wa kitengo anauliza: hizi mbili zimeachana kiasi gani? Mtu anafungua R au Python, anaita fomula ya kwanza anayoikumbuka, inamrudishia 0.53, naye anaandika kwenye ripoti kwamba hali ya kaya imebadilika sana.

Tuiangalie hiyo 0.53. Maswali 10 ya ndiyo na hapana yanazaa michanganyiko 1,024 ya majibu. Tuseme kila mchanganyiko una uwezekano sawa, na faili zote mbili, kila moja ya kaya 1,000, zimechotwa kutoka jamii ileile. Hakuna kilichobadilika. Ukipima tofauti jumla kati ya faili hizo, yaani nusu ya jumla ya tofauti za uwiano wa kaya katika visanduku vyote 1,024 (kila mchanganyiko wa majibu ni kisanduku kimoja), utapata takriban 0.53, katika kipimo ambacho mwisho wake ni 1. Kaya ni chache kuliko visanduku, hivyo kila faili inaangukia visanduku vyake kwa bahati tu. Hata ukipata kaya 100,000 kila upande bado utabaki na karibu 0.06 isiyotokana na chochote. Data halisi haisambai sawasawa hivyo, kwa hiyo kelele yake, yaani tofauti inayotokana na bahati tu, huwa ndogo zaidi, lakini haiishi. Umbali hauwezi kuwa hasi, na katika sampuli karibu kamwe hauwi sifuri. Kwa hiyo kila unapopata namba ya umbali, jiulize kwanza ingekuwa ngapi kama tofauti isingekuwepo kabisa. Nitarudi kwenye namna ya kulijibu swali hilo.

Kwanza vipimo vyenyewe, tukianza na swali moja tu. Uwezekano wa ndiyo upande mmoja ni p, upande wa pili ni q. Tofauti jumla hapa ni p kutoa q bila kujali alama. Naipenda kwa sababu inaelezeka kwa mtu yeyote: nikikuchotea kaya moja kutoka upande nilioupata kwa kurusha sarafu, ukatakiwa kubahatisha imetoka upande gani, basi ukibashiri kwa ustadi wote utapatia mara nusu jumlisha nusu ya tofauti jumla. Tofauti ya 0.2 maana yake utapatia asilimia 60 ya mara. Mkurugenzi anaelewa hilo bila kuona fomula.

Udhaifu wake ni kwamba haijali uko wapi kwenye mizani. Kutoka asilimia 50 hadi 51 na kutoka asilimia 1 hadi 2, yote kwake ni 0.01. Lakini wa pili umeongezeka maradufu! Kama kinachopimwa ni ugonjwa adimu, hiyo ndiyo habari yenyewe. Hapo ndipo kinapoingia kipimo cha Solomon Kullback na Richard Leibler, Wamarekani wawili waliofanya kazi ya kuvunja maandishi ya siri, walichokichapisha mwaka 1951. Unachukua p mara logi ya uwiano wa p kwa q, unajumlisha (1 − p) mara logi ya uwiano wa (1 − p) kwa (1 − q). Ukitumia logi asilia, 0.50 dhidi ya 0.51 inatoa takriban 0.0002, na 0.01 dhidi ya 0.02 inatoa 0.0031, kubwa zaidi ya mara 15. Namba hizi zina maana ya kazi: zinasema kila kaya inakupa ushahidi kiasi gani. Ukitaka ushahidi wa uwiano wa 20 kwa 1, unaokaribia 3 kwa logi, kwa wastani unahitaji kaya kama 15,000 katika hali ya kwanza na kama 960 katika hali ya pili. Anayepanga bajeti ya utafiti na ajue hilo kabla wadadisi hawajapanda magari.

Kipimo hiki kina tabia mbili za kuzoea. Ukigeuza pande, jibu linabadilika: 0.02 dhidi ya 0.01 ni 0.0039, si 0.0031. Kwa hiyo andika wazi ni upande gani umeuweka mbele, na logi ya msingi gani. Tabia ya pili ni sifuri. Kama upande wa pili una kisanduku kitupu ambacho upande wa kwanza unacho hata kwa kaya moja, umbali ni usio na kikomo. Mashine itakuandikia Inf, au mbaya zaidi, kifurushi cha programu kitaruka kisanduku hicho kimyakimya na kukupa namba inayopendeza.

Dawa ambayo kila mtu huifundisha ni kuongeza nusu kwenye kila kisanduku. Kwa swali moja lenye visanduku viwili, haina ubaya. Kwa maswali 10, umeongeza kaya 512 za kufikirika juu ya 1,000 za kweli. Theluthi moja ya faili yako sasa haijawahi kuishi popote. Faili zote mbili zimevutwa kuelekea mgawanyo uleule bapa, kisha unashangaa zinafanana. Kama sifuri zinakusumbua, bora utumie kipimo kisichoogopa sifuri. Kipo cha Hellinger, kinachotokana na vipeuo vya pili vya uwezekano na hakizidi 1. Kipo pia cha Jensen na Shannon, ambapo kila upande unalinganishwa na wastani wa pande zote mbili. Hakiwezi kuzidi 0.693 kwa logi asilia. Mimi huanza na Hellinger, kwa mazoea zaidi kuliko kwa hoja.

Sasa turudi kwenye maswali mengi, maana hapo ndipo pagumu. Njia ya mkato ni kupima kila safu peke yake na kujumlisha. Kwa kipimo cha Kullback na Leibler ni halali kabisa kujumlisha, mradi maswali hayategemeani. Lakini mali za kaya zinategemeana waziwazi. Jokofu na runinga hufuata umeme. Kijiji kikiunganishwa umeme, safu tatu zinapanda pamoja, na wewe unayejumlisha umehesabu nguzo zilezile mara tatu.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Tuseme katika faili zote mbili nusu ya kaya zina umeme na nusu zina runinga. Safu kwa safu, umbali ni sifuri. Lakini faili ya kwanza wenye umeme ndio haohao wenye runinga, na ya pili runinga zimetawanyika bila kujali umeme. Tofauti jumla ya uwezekano wa pamoja ni 0.5, nusu ya kipimo kizima! Ukikuta kitu kama hicho kwenye data halisi, usikimbilie kueleza maisha ya watu. Angalia kwanza jinsi hojaji ilivyokuwa. Mara nyingi utakuta mzunguko mmoja swali la runinga liliulizwa kwa wenye umeme tu na walioruka wakaandikiwa 0, na mzunguko mwingine liliulizwa kwa wote, wakiwemo wenye sola. Au "sijui" imegeuzwa kuwa hapana. Au fomu ya kwenye kishikwambi ilikuja na jibu limeshajazwa. Tofauti za namna hii ninazikuta mara nyingi kuliko mabadiliko ya kweli, na hakuna fomula inayozitenga. Hojaji mbili zilizowekwa mezani sambamba zinatosha.

Njia ninayowashauri ni ya katikati. Angalia safu 10 moja moja, kisha jozi 45, kila jozi ikiwa na visanduku vinne tu. Kaya 1,000 zinatosha kwa visanduku vinne. Ukitaka namba moja ya jumla, fundisha modeli ya kawaida kutambua kaya imetoka faili ipi, halafu ipime kwa kaya ambazo haikuziona wakati wa kufunzwa. Faili zikiwa na ukubwa sawa na modeli ikipatia asilimia 58, tofauti jumla inakadiriwa kuwa walau 0.16: zidisha kwa mbili, toa moja. Ikipatia asilimia 50, haijaona kitu, ingawa huenda modeli nyingine ingeona.

Na lile swali la namba ingekuwa ngapi bila tofauti? Changanya faili zote mbili, gawa upya lebo za mzunguko kwa bahati, pima umbali, rudia mara 999. Utapata rundo la umbali ambao tunajua hautokani na chochote. Kama namba yako halisi imekaa katikati ya rundo hilo, huna habari ya kuripoti, hata kama inaonekana kubwa. Kwenye ripoti weka zote: umbali uliopatikana, na umbali wa kawaida wa bahati.

Hapa wageni wengi huteleza. Lebo zisigawanywe kaya kwa kaya. Sampuli zetu huchotwa kwa maeneo ya kuhesabia watu: tuseme maeneo 50, kila moja kaya 20. Kaya za eneo moja hufanana, wameunganishwa umeme siku moja, wananunua sokoni pamoja. Ukichanganya kaya moja moja unavunja mfanano huo, rundo lako linakuwa jembamba, na kila tofauti ndogo inaonekana ya ajabu. Hamisha eneo zima na kaya zake zote. Maeneo ya mjini yabadilishane na ya mjini, ya vijijini na ya vijijini, na kila kaya ibaki na uzito wake wa sampuli, yaani idadi ya kaya inazowakilisha. Kama mizunguko yote miwili ilirudi kwenye maeneo yaleyale, badilisha lebo ndani ya kila eneo: mizunguko yake miwili ibadilishane nafasi au ibaki, kwa kurusha sarafu.