Zinki ya betri za redio imegoma kutoa "pop"

Swali: Mwalimu, nafundisha kemia kidato cha pili, na maabara yetu ina neli na stovu tu. Nilipasua betri kavu za redio, nikakata gamba la zinki, nikalitumbukiza kwenye asidi ya betri ya gari niliyoizimua kwa sehemu kumi za maji. Mapovu yalikuwa ya kuhesabu. Nilipopeleka kijiti kinachowaka mdomoni mwa neli nisikie ule mlio wa "pop" wa hidrojeni, kimya. Je, gamba lile si zinki, au fundi kaniuzia asidi mbovu?

Jibu: Zinki ni zinki, mwalimu mwenzangu, na fundi wako hana kosa. Kilichokuangusha ni mwendo. Kujaza hidrojeni kwenye neli ya mililita 25 kunahitaji gramu 0.07 tu za zinki, kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Malighafi ulikuwa nayo tele. Ila gesi hii ni nyepesi kuliko hewa, na neli iliyosimama wima mdomo wazi haiizuii kuondoka. Ikitoka povu mojamoja, inapotea kabla kijiti hakijafika.

Anza na asidi. Ile ya betri, kabla haijatumika, huwa na nguvu ya kama moli 4 kwa lita (moli ni kipimo cha wingi wa dutu). Kwa kipimo chako ilibaki chini ya nusu moli. Chukua sehemu moja ya asidi kwa tatu za maji, upate kama moli moja. Ni asidi inayomiminwa kwenye maji, kidogokidogo huku ukikoroga, si maji kwenye asidi. Na macho yafunikwe kwa miwani.

Kisha gamba lenyewe. Ule unga mweusi ni dayoksaidi ya manganizi, na kazi yake ndani ya betri ni kuiondoa hidrojeni isijikusanye. Ukibaki umeng'ang'ania zinki, utaendelea na kazi hiyohiyo kwenye neli yako. Osha, sugua kwa msasa pande zote mbili mpaka zinki ing'ae, kata vipande vyembamba. Betri zilizoandikwa "alkaline" usizipasue kabisa: gamba lake ni la chuma kilichopakwa nikeli, si zinki, na ndani mna alkali inayounguza ngozi.

Hata ikiwa safi, zinki hujivuta. Hidrojeni haipendi kujiunda juu ya uso wa zinki tupu, na kadiri zinki ilivyo safi ndivyo inavyozidi kusuasua. Dawa yake inauzwa duka la pembejeo: mrututu, yaani salfeti ya shaba. Yeyusha punje chache kwenye maji, dondoshea matone mawili matatu ndani ya neli. Zinki itageuka kahawia iliyoiva, rangi ya bluu itafifia, na mapovu yatapanda kama soda iliyotikiswa. Shaba imejipaka juu ya zinki, na elektroni za zinki zinapitia kwenye shaba kukutana na ioni (chembe zenye chaji) za hidrojeni zilizo kwenye asidi. Usizidishe matone, maana shaba ikifunika zinki yote, asidi haiifikii tena.

Kukusanya gesi, funika mdomo wa neli kwa neli nyingine kavu iliyopinduliwa. Subiri nusu dakika, iinue ikiwa bado imeangalia chini, isogeze mbali na ile yenye asidi, ndipo ulete kijiti. Mlio hutoka hidrojeni ikiwa imechanganyika na hewa. Ikiwa safi huungua kimyakimya, kwa hiyo kimya peke yake si ushahidi kwamba gesi haipo. Usiwashe kamwe kwenye mdomo wa bomba lililotoka kwenye chupa inayotengeneza gesi. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifanya hivyo, kizibo kikagonga dari na darasa zima likaingia chini ya meza. Nashukuru chupa haikupasuka.

Ukikosa mrututu, zungushia kipande cha zinki waya wa shaba uliomenywa, kisha utumbukize vyote. Mapovu mengi yatatoka kwenye waya. Hapo waulize wanafunzi: shaba imeanza lini kutoa hidrojeni kwenye asidi? Waache wabishane mpaka kengele ilie.