Maswali ya Wasomaji: Michael Caine, Lafudhi Yake na Macho Yake

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa nyumbani tumebishana kuhusu mwigizaji wa Uingereza, Michael Caine. Binamu yangu anashikilia kuwa alizaliwa katika ukoo wa kikabaila, kwa sababu katika filamu ya Zulu anaigiza afisa wa tabaka la juu, na tena anaitwa Sir. Mimi nimesikia kwamba alikuwa mtoto wa maskini. Nani mkweli, na je, hilo ni jina lake la kuzaliwa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Wewe ndiye mkweli, ingawa binamu yako hana haja ya kuona haya, maana kosa lake ndilo lililomfungulia mwigizaji huyo mlango. Alizaliwa London tarehe 14 Machi 1933 akaitwa Maurice Joseph Micklewhite. Baba yake alikuwa mchukuzi katika soko la samaki la Billingsgate, na mama yake alifanya kazi za upishi na usafi. Alikulia kusini mwa mto Thames, katika mitaa ya makabwela, akazungumza kwa lafudhi ya Cockney, ambayo enzi hizo ilitosha kumtangaza mtu kuwa ni wa tabaka la chini kabla hajamaliza sentensi yake ya kwanza.

Alipofikia umri wa kutumikia jeshi alipelekwa vitani Korea, na baada ya hapo akahangaika kwa miaka mingi katika maigizo ya mikoani, akipewa visehemu vya maneno mawili matatu. Jina la Caine alilipata kwa haraka. Wakala wake alipomtaka kwa simu achague jina jipya la kisanii papo hapo, yeye alikuwa katika kibanda cha simu pale Leicester Square, na mbele ya jumba la sinema palikuwa na tangazo la filamu ya The Caine Mutiny; akachukua neno Caine, alilolipenda.

Sasa tuje kwenye Zulu, iliyotoka mwaka 1964 na kupigwa picha Natal, Afrika Kusini. (Kwa wapenda historia: Mfalme Cetshwayo wa Wazulu aliigizwa humo na Mangosuthu Buthelezi, kitukuu chake halisi.) Caine alikwenda kuomba nafasi ya askari wa kawaida mwenye lafudhi kama yake, akakuta imekwisha kutolewa kwa James Booth. Lakini mwongozaji, Cy Endfield, alipomtazama kijana huyu mrefu, mwenye nywele za rangi ya dhahabu na uso mwembamba, aliona kwamba anafaa kuwa afisa. Endfield alikuwa Mmarekani, na hapo ndipo ulipo ufunguo wa jambo lote: mwongozaji wa Kiingereza angesikia lafudhi kwanza na mazungumzo yangeishia hapo, ilhali Mmarekani aliangalia sura.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, filamu iliyobadilisha mambo kweli ni The Ipcress File ya mwaka 1965, kwa kuwa humo hakuazima sauti ya mtu, bali alizungumza kwa lafudhi yake mwenyewe. Aliigiza jasusi anayevaa miwani, anayenung'unikia mshahara na anayejipikia mwenyewe. Katika tukio moja anamwandalia mwanamke kimanda. Mikono tunayoiona kwa karibu ikivunja mayai si ya Caine, bali ya Len Deighton, mwandishi wa riwaya yenyewe, ambaye alikuwa mpishi hodari. Mwaka uliofuata Alfie, ambamo anaiambia kamera siri zake kana kwamba inamsikiliza, ilimpatia uteuzi wake wa kwanza wa tuzo ya Oscar.

Kuhusu cheo cha Sir, alikipata mwaka 2000 kwa jina lake la kuzaliwa, hivyo rasmi alikuwa Sir Maurice Micklewhite. Mwaka 2016 ndipo alipobadilisha jina kisheria, kwa sababu alichoka kuwaeleza maafisa wa usalama viwanja vya ndege kwa nini pasipoti na uso havilingani.

SWALI: Ninasomea sanaa za maonyesho. Mwalimu wetu humtaja Caine kila tunapofundishwa kuigiza mbele ya kamera. Kwa nini yeye?
Mwanafunzi, Mombasa

JIBU: Kwa sababu ni mmoja wa waigizaji wachache mashuhuri walioeleza ufundi wao kwa vitendo. Mwaka 1987 alitoa somo kupitia BBC, na mengi ya aliyoyasema unaweza kuyajaribu chumbani kwako. Kamera inapokuwa karibu, usihamishe macho kutoka jicho moja la mwenzako hadi jingine, kwani kwenye skrini kubwa hangaiko hilo huonekana wazi. Chagua jicho moja, lile lililo karibu zaidi na kamera, ulikazie. Usipepese kope ovyo, maana kupepesa humdhoofisha mhusika. Na ukiigiza mlevi, usiyumbe kwa makusudi: mlevi wa kweli hujitahidi kwa nguvu zake zote atembee sawasawa, na jitihada hiyo ndiyo mtazamaji anayotakiwa kuiona.

SWALI: Mtu mwenye kipaji hivyo, mbona ana filamu nyingi mbovu?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Kwa sababu alifanya kazi bila kupumzika, na hakuficha kwamba nyingine alizifuata kwa ajili ya fedha. Ashanti ya mwaka 1979, ambayo sehemu yake ilipigwa picha huko kwenu Kenya, yeye mwenyewe aliihesabu miongoni mwa mbaya zaidi. Alikosa kuhudhuria sherehe aliposhinda Oscar yake ya kwanza, kwa Hannah and Her Sisters, kwa kuwa alikuwa kazini katika Jaws: The Revenge, baadaye alitania kwamba filamu hiyo hajaiona, bali nyumba iliyojengwa kwa malipo yake ameiona, na ni nzuri mno. Oscar ya pili aliipata kwa The Cider House Rules, akizungumza, safari hii, kwa lafudhi ya Kimarekani. Alitangaza kustaafu mwaka 2023, akiwa na miaka 90, baada ya The Great Escaper, ambayo pia ilikuwa filamu ya mwisho ya Glenda Jackson, aliyeigiza kama mkewe.