Huyo si mnyoo, ni samaki bomba wa chini ya mawe

Mleta uzi, umeuliza mnyoo uliyemkuta pwani ni wa aina gani. Kwa maelezo yako (Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, chini ya jiwe maji yakiwa yamekupwa, kahawia, sentimita 12 hivi) huyo ni Nerophis lumbriciformis, samaki bomba, ndugu wa farasi wa baharini. Wala usione haya kudhani ni mnyoo. Jina lake la pili maana yake ndiyo hiyo, mwenye umbo la mnyoo.

Nilikaa upande huo misimu kadhaa, nikipindua mawe kila bamvua. Mwanzoni wengi niliwaandika kuwa Nerophis ophidion, samaki bomba wa jamii hiyohiyo, kosa likiwa kutazama rangi. Rangi itakuzungusha. Tazama mdomo: wa huyu ni mfupi na umebinuka juu, na chini ya kidevu ana mabaka meupe. Wa ophidion ni mrefu zaidi na umenyooka, naye utampata zaidi kwenye majani ya bahari.

Kisha mapezi. Huyu akishakomaa ana moja tu, la mgongoni. La kifuani hana, la mkia hana. Mkia unachongoka mpaka unakuwa kama uzi, na huo ndio anaojizungushia kwenye mwani. Hapo Syngnathus wote, jamii nyingine ya samaki bomba, wametoka kwenye hesabu, maana wao mkiani wana kipezi kilichotanuka kama upepeo. Aliyesema hapa kwenye uzi kuwa ni mtoto wa Entelurus aequoreus, samaki bomba mwingine, hakukosea sana, wanafanana. Ila yule hukua hadi sentimita 60, na hubaki na kipezi mkiani, kidogo mno. Bila kioo cha kukuzia hukioni. Mimi humtia samaki kwenye sahani nyeupe yenye maji ya bahari, nikainama hapo dakika moja, basi namrudisha.

Julai moja nilimkuta mmoja tumbo limejaa punje nikadhani ni ugonjwa. Kumbe ni dume! Hawa hawana mfuko kama wa farasi wa baharini. Jike hubandika mayai kwenye kijifereji cha tumboni mwa dume, akayabeba hadi yaanguliwe. Ukimkuta hivyo usimtoe hata kwa picha, na jiwe ulirudishe polepole lilivyokuwa, upande uleule chini.

Picha uliyoweka imepigwa kutoka juu, mdomo hauonekani. Kama unayo ya ubavuni, hata iwe na ukungu kidogo, iweke.